Magunia Mawili ya Neema

Mallawi, 22 Februari 1996

Kwa Abuna Sarabamon, monasterini.

Nabusu mkono wako, Abuna. Kuna jambo sijapata kumwambia mtu yeyote, si mama, si padri anayeniungamisha, na hata sasa naliandika kwa mara ya nne kwa sababu karatasi tatu za kwanza nimezichana. Jambo lenyewe ni hili: neema imenikatikia. Tangu Krismasi sijaipata hata kidogo.

Najua wewe ni kaka yake baba, lakini baba husema mtawa hana tena ndugu. Kwa hiyo nakuandikia kama mtu asiyetujua, na hivyo haya inapungua.

Wenzangu wanaipata. Mama anaipata, tena tele. Hata mdogo wangu Mohrael, mwenye miaka saba, ukimtazama usoni unajua amepata. Mimi nakwenda mezani pamoja nao na nainuka mtupu kama nilivyokwenda. Nafunga mpaka saa tisa; juma hili nimesogeza mpaka jua litue. Nasujudu, naomba. Sipati. Siwezi kumwambia baba, kwa sababu ataona ni kosa lake, na siku hizi ana huzuni. Watu wananunua nguo zilizoshonwa tayari, na cherehani yake inakaa siku nzima imefunikwa.

Nifanye nini ili niipate, Abuna? Niongeze nini? Tafadhali usimwambie mtu kwamba nimekuandikia. Barua hii nampa Boqtor, dereva wenu, Jumamosi akija mjini kuchukua unga.

Binti yako katika Kristo,
Yustina Wasfi


Monasterini, 1 Machi 1996

Yustina mwanangu,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mbele ya tanuru, nikalazimika kuketi juu ya gunia. Sikujua kama hali imefika hapo. Mtoto wa Wasfi anakaa bila neema tangu Krismasi, na mimi hapa nimezungukwa nayo toka alfajiri, mikono imejaa, wala sina habari.

Usione haya. Hakuna aibu katika kuomba neema. Wala usiongeze kitu chochote. Umeomba, na kazi yako imekwisha hapo. Nimezungumza na mkuu wa monasteri, ameniruhusu. Itawafikia nyumbani kesho Jumamosi, mtaiona wenyewe, na itawatosha kwa siku kadhaa. Baada ya hapo nitatuma tena. Ipokeeni kwa furaha. Sijamtaja aliyeniandikia.

Na usifunge mpaka jua litue. Nani alikuambia ufanye hivyo?

Mnyonge,
Sarabamon


Mallawi, 7 Machi 1996

Abuna,

Sijui nianze wapi. Boqtor alinipa barua yako mlangoni kabla hajashusha chochote, nikaisoma nyuma ya mlango. Niliamini kila neno. Uliandika kwamba itatufikia nyumbani na tutaiona wenyewe. Nilifumba macho nikasimama wima, nikasubiri. Nikasikia kishindo kwenye ngazi. Yalikuwa magunia mawili ya mikate.

Hata hapo sikuelewa. Mohrael alichukua mkate mmoja ukamponyoka, akauokota, akaubusu na kusema "neema", kama tunavyosema wote huku kwetu mkate ukianguka. Ndipo nikaelewa. Abuna, mimi sikusema mkate. Nilisema ile nyingine. Nilisema meza ya Bwana, na moyo wangu, na kwamba nikisali ni kama nazungumza na ukuta uliopakwa chokaa. Nyumbani tuna mikate. Tuna mikate ya kutosha kabisa. Katika karatasi zile tatu nilizozichana nilikuwa nimeeleza vizuri zaidi, lakini niliona aibu nikayaacha maneno hayo, na sasa naona niliyaacha yale yaliyokuwa na maana.

Baba aliikuta karatasi uliyomfungia kwenye gunia, ile ulimomwambia umesikia neema imewakatikia nyumbani. Aliisoma mara mbili. Majirani walikuwa wamekwisha kutokea vibarazani kutazama gari la monasteri. Baba hakupaza sauti. Aliuliza tu ni nani katika nyumba hii amepeleka habari monasterini kwamba Wasfi fundi cherehani hawezi kuwalisha watu wake.

Nilikuwa nakwenda kusema. Naapa nilikuwa nakwenda kusema. Lakini Bibi Galila, aliyekuwa amekaa kitandani kwake akichambua dengu, alitangulia. Alisema, "Mimi."

Sijui kwa nini alisema hivyo. Bibi hajui hata kuandika. Baba alimjibu neno moja ambalo sitaliandika. Siku ya pili Bibi alikwenda kwa shangazi Nargis, Abu Qurqas, kubadilisha hewa.

Nitamwambia baba ukweli karibuni. Kwa sasa nimeongeza kusujudu. Padri alinipa mara kumi na mbili, mimi nafanya mia na hamsini, na bado hakuna kitu, isipokuwa magoti yamevimba na mwalimu wa michezo ameniuliza. Naomba uniambie kwa kweli, maana wewe umekaa huko miaka mingi: ni mara ngapi? Kama ni elfu, niambie elfu. Kinachonichosha ni kutojua.

Mikate ni mizuri sana. Asante.

Yustina


Monasterini, 15 Machi 1996

Yustina,

Nilimsomea mkuu wetu barua yako, akacheka mpaka akavua miwani. Mimi siku ile sikucheka. Nilicheka kesho yake, peke yangu, mikono imo kwenye unga. Nimekaa kwenye tanuru miaka kumi na moja, na neno hilo sasa linaingia masikioni mwangu likiwa na pumba za ngano. Nisamehe. Mtoto aliniuliza habari za Mungu, nikamtumia mikate.

Sasa swali lako. Nilikaribia kukupa mfano wa unga na chachu, kwamba mtu hukanda halafu huondoa mikono. Mtawa yeyote wa tanuru angekupa huo. Nimeuacha, kwa sababu ungeuandika kwenye daftari na kuupigia mstari, kisha ungeniuliza mtu akande kwa dakika ngapi.

Nitakuambia ninachokijua, nacho ni kidogo. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilisujudu mara mia tatu kila siku, na nikawa mtu mbaya kuliko nilivyoingia. Nilimhesabia kila ndugu aliyefanya pungufu yangu. Kisha mgongo ukaniuma, nikalala siku arobaini bila kuweza lolote, na ndugu mmoja ambaye sikumpenda alikuja kuniogesha kila asubuhi. Nilimkataza. Nilimwambia sijakufanyia kitu. Akasema inua mkono, akanisugua kwapani. Kuna kitu kilianza hapo. Siwezi kukieleza zaidi. Nilipopona nilirudi kusujudu, na ukiniuliza kwa nini, wakati si kusujudu kulikokileta, nitakujibu kwamba sijui vizuri, ila sikuweza kukaa tu. Nimesoma mababa wengi juu ya jambo hili na mimi mwenyewe bado linanichanganya.

Fanya kumi na mbili ulizopewa. Zile nyingine mwambie padri wako.

Jambo la pili. Boqtor alipita Abu Qurqas akamkuta mama. Mtawa hana ndugu, sawa, lakini mama ninaye. Amekaa kwa Nargis na furushi la nguo zake zote, mpaka za baridi. Ni hewa gani hiyo inayotaka nguo za baridi wakati joto linaanza? Uliandika kwamba utamwambia baba yako karibuni. Mimi ningeweza kumwandikia Wasfi mistari miwili leo hii, na mambo yakaisha. Siandiki. Ile barua ilikuwa yako.

Mnyonge,
Sarabamon


Mallawi, 18 Machi 1996

Bibi yangu mpenzi,

Nabusu mikono yako. Tereza binti wa shangazi atakusomea. Nakutumia tende, na soksi za sufu nilizozifuma mwenyewe. Pia nimeamua kwamba kila siku nitasali zaburi tano kwa ajili yako, na ukirudi nitafua nguo zako zote mpaka nitakapoolewa, na sitabishana nawe tena kuhusu redio, ili tuwe sawa.

Kwa nini ulisema ni wewe? Sikuwa nimekufanyia kitu chochote kizuri. Juma lile lile nilikuwa nimekujibu vibaya.

Baba nitamwambia. Nangoja apate kazi ya kushona kwanza, awe na furaha.

Yustina wako


Abu Qurqas, 24 Machi 1996

Yusti, mama yangu,

Anayeandika ni Tereza, ninayesema ni mimi. Nimemwambia aandike kila neno kama lilivyo, asipambe, maana anasoma ualimu na kupamba anakupenda.

Tende nimekula. Soksi nakurudishia. Si kwamba ni mbaya, ingawa moja ni ndefu kuliko mwenzake. Nakurudishia kwa sababu uliandika "ili tuwe sawa". Tereza alipofika hapo nilimwambia soma tena. Tuwe sawa vipi? Mimi nakufuta makamasi tangu ukiwa na siku saba, leo utanilipa kwa soksi? Kitu nilikitoa bure, wewe unakitafutia bei. Unaniharibia kitu changu.

Unauliza kwa nini. Nilikuona dirishani ukimpa Boqtor barua. Nikasema, basi, msichana wetu kapata mchumba, na katika wanaume wote wa huku kwetu Saidi kamchagua dereva mwenye meno mawili. Siku nane sikula vizuri wala sikupata raha, namwomba Mungu tu akutoe katika jambo hilo. (Tereza anacheka. Nimemwambia aandike kwamba anacheka.) Halafu magunia yakaja, Wasfi akauliza, nikakutazama umeshika mlango, umekuwa mweupe kama jibini. Sikufikiri. Mdomo ulisema wenyewe. Ningefikiri pengine ningekaa kimya, kwa hiyo usinifanye mtakatifu, nina dhambi za kutosha na Nargis anazijua.

Wala usijione kwamba wewe ndiye uliyenitoa nyumbani. Nilitoka kwa sababu ya neno la Wasfi. Mimi nilimzaa, najua atakuja. Ila anachelewa, na huyu Nargis anatia chumvi kama ana ugomvi na watu. Pasaka imekaribia. Tangu niolewe sijapata kula Pasaka nje ya nyumba ile.

Usimwambie baba yako ili kunilipa mimi. Ukimwambia, mwambie kwa kuwa ni kweli. Na ule. Mohrael amesema kwenye simu kwamba umekonda mpaka bangili zinakuanguka.

Fawzi naye, nasikia sasa anaitwa Sarabamon, mwambie mikate yake ilikuwa na chachu nyingi mno.

Bibi yako Galila, nimeweka kidole gumba.

(Yusti, mimi Tereza. Jioni huwa analia. Alinikataza kuandika.)


Mallawi, 6 Aprili 1996

Abuna,

Leo ni Jumamosi ya Lazaro na Boqtor atapita saa kumi, kwa hiyo naandika haraka na sitachana.

Soksi nilizompelekea Bibi ili kumlipa ziliporudi nilikasirika. Ni vibaya, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilitaka niwe nimefanya kitu, naye akanifungia mlango. Nikaanza kufikiri hivi: kama Bibi amekwisha kunisamehe, tena bure, basi kumwambia baba kuna kazi gani? Lazima iwe ni soksi nyingine tu. Na nisipomwambia, Bibi atakula Pasaka kwa shangazi Nargis huku mimi nimesamehewa vizuri kabisa. Nikimwambia nanunua, nisipomwambia naiba. Nilizunguka na jambo hili siku kumi. Darasani mwalimu wa fizikia aliniuliza ni nini kinachosukuma kitu kilichosimama, nikajibu neema, na darasa zima likacheka, na mpaka leo wananiita Sista.

Padri nilimwambia kuhusu zile mia na hamsini. Hakunigombeza. Alisema zimekwisha, na akanitaka nile saa tisa pamoja na watu wengine. Nilihisi kama amenishusha darasa.

Sasa nikueleze ya juzi, Alhamisi. Nilirudi shuleni nikakuta cherehani imefunuliwa. Baba alikuwa na kitambaa cheusi, kizuri, kile alichokuwa amekiweka kwa muda mrefu. Aliniambia nivae gauni alilokuwa ameliunga kwa pini na nisimame juu ya kigoda, kwa kuwa urefu wangu na urefu wa Bibi sasa ni mmoja. Nikasimama, nimenyoosha mikono, ndani ya gauni la Bibi. Baba alipiga magoti kupima pindo. Alikuwa na pini mdomoni, nne au tano.

Nikasema, "Baba, aliyeandika barua ni mimi."

Hakuweza kunijibu kwa ajili ya zile pini. Alizitoa moja moja akazichomeka kwenye kile kimto chake. Aliniuliza niliomba nini monasterini. Nikasema neema. Akauliza ipi. Nikasema ile nyingine, si ya kula. Akauliza kwa nini basi ikaja mikate, nikasema hayo yalikuwa makosa ya Abuna, nisamehe Abuna. Nilieleza yote, na kwamba Bibi hakujua hata kilichoandikwa, na kwamba nilinyamaza majuma matano.

Baba alikaa chini sakafuni. Sikujua kama atanipiga au atacheka. Alisema taratibu, "Mimi nilimwita mama yangu ombaomba."

Hilo ndilo neno ambalo sikukuandikia.

Nilianza kushuka kwenye kigoda ili nimwombe msamaha ipasavyo. Akasema, "Kaa hapo hapo. Geuka, nimalize mgongo." Nikageuka. Akaendelea kuchomeka pini, na moja ikanichoma begani. Nilikuwa nimetazamia kwamba nikisha kusema nitahisi kitu, joto, au machozi kama ya mama. Nilihisi ile pini. Sijui kama neema inaweza kuja bila mtu kujua kwamba imekuja. Hilo nakuuliza, na unaweza kulijibu polepole.

Sijui pia nilimwambia kwa sababu gani. Sikuwa nimeamua. Nilikuwa tu nimesimama ndani ya nguo ya mtu mwingine na sikuweza kuendelea kunyamaza humo.

Baba alishona mpaka giza likaingia, na jana asubuhi mimi nikatia vifungo. Saa nne tulikwenda kituoni, yeye na mimi, tukapanda treni ya Abu Qurqas. Njiani aliniuliza kama nimesoma kwa ajili ya mtihani. Bibi alikuwa mlangoni kwa shangazi Nargis akimenya vitunguu saumu. Baba aliinama akambusu mkono, kisha kichwa, akampa gauni. Bibi aliligeuza, akatazama mishono kwa ndani, akasema mikono mirefu. Baba akasema ataipunguza. Bibi akaingia ndani kulitafuta furushi lake.

Mimi nilitaka kumwambia Bibi maneno niliyokuwa nimeyapanga. Aliponiona nafungua mdomo akanipa kisu na vitunguu, akaniambia nimalize, asimwachie Nargis kazi nusu.

Nikamaliza vitunguu. Nikabeba furushi mpaka kituoni. Nyumbani nilitandika kitanda cha Bibi na kumtilia maji ya kunawa. Leo asubuhi mama alileta majani ya mtende kutoka sokoni kwa ajili ya kesho, Jumapili ya Matawi, nikakaa sakafuni kati ya Bibi na Mohrael, tukasuka misalaba. Msalaba wangu wa kwanza umepinda. Nimeuweka kando na nimeanza wa pili.

Yustina